Mshenga wa Gari Jeusi

Nesi alimpa mzee wetu mmoja vidonge vya malaria, akamwambia ameze viwili asubuhi, viwili mchana na viwili jioni. Mzee akavitazama kiganjani, akamtazama nesi, kisha akasema, "Mwanangu, tusidanganyane. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, na mchana uniache nikalime." Nesi akasema haiwezekani. Mzee akasema basi kimoja na nusu, kwa kuwa amempenda. Foleni ikajaa mpaka nje ya zahanati, watoto wanalia, wazee wanakohoa, na hao wawili bado wanavutana. Mwishowe alikubali vyote viwili viwili, ila akaruhusiwa kumeza vya mchana saa tisa badala ya saa saba. Akatoka ameridhika kabisa, anatetemeka kwa homa.

Tulimwita Mshenga. Alikuwa na jina lake kama watu wote, lakini huko kwetu milimani, upande wa Vudee, hukuweza kuoa wala kuozesha bila kumkuta amekaa mkekani upande mmoja au mwingine, na jina la kazi likalimeza lile la ubatizo. Mtu akitaka kuoa, alimwendea yeye kwanza, kisha ndipo akamtafuta mchumba.

Wapare tunasemwa nchi nzima. Wanasema Mpare atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda kushtaki kesi ya kuku. Sisi wenyewe tunacheka, halafu tunauliza nauli yenyewe ni kiasi gani. Lakini hata miongoni mwetu Mshenga alikuwa amezidi. Alipunguza kila kitu kilichotamkwa. Mchungaji akitangaza nyimbo nne, yeye alisikika kutoka benchi la nyuma akisema tatu zinatosha. Ukimwambia mkutano ni saa nne, alijibu, "Saa tano, na hilo ndilo neno langu la mwisho." Wakati wa msaragambo, tunapotoka kijiji kizima kuchimba mfereji, mwenyekiti alipopima kipande cha kila mtu kwa hatua, Mshenga alisimama mwisho wa kipande chake akisogea nyuma kidogo kidogo huku anazungumzia mvua.

Msifikiri alikuwa bahili. Hilo ndilo lililonishinda kumwelewa kwa miaka mingi. Fedha hakuzijali. Alizokuwa nazo zilikaa kwa mkewe, zimefungwa kwenye pindo la khanga, na mkewe alizigawa kwa wenye shida bila kumuuliza. Siku moja nilimkuta gulioni amesimama mbele ya mjane mmoja aliyekuwa anauza ndizi. Mjane alitaja senti hamsini kwa mkungu. "Haiwezekani," anasema Mshenga, "mkungu huu ni wa shilingi." Mjane anaapa kwamba ni senti hamsini. Mshenga anapandisha sauti: "Mama, unanitukana? Shilingi, au naondoka!" Walibishana mpaka watu wakawazunguka. Yule mama alikasirika kweli, maana alidhani anachezewa, na alipoona hatashinda akapokea shilingi yake huku ananung'unika. Mshenga akaondoka na mkungu begani anapiga mluzi.

Na mimi mwenyewe alinipunguza. Alikuja kwa baba yangu kwa niaba ya mume wangu, na mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa udongo nasikia kila neno. Alisema nimesoma mno na macho yangu hayatadumu. Alisema natembea upesi mno, mwanamke wa hivyo hummaliza mumewe kwa kumfuata. Alisema nimezoea chaki, je, jembe nitalishika? Mbuzi wa baba yangu wakapungua mmoja baada ya mwingine. Nililia kwa hasira usiku ule, nikaapa sitamsalimia mzee yule maisha yangu yote. Wiki ya kwanza ya ndoa nikakutana naye njiani, nikainamisha kichwa nipite.

"Mkwe, hata shikamoo?" akauliza.

"Shikamoo," nikasema, nimeuma meno.

"Marahaba. Sikiliza. Kitu kibaya hakina haja ya kusemwa vibaya, kinajisema. Nilisema mpaka koo likakauka. Kapige hesabu mwenyewe."

Nilipiga hesabu hiyo nikiwa nakoroga makande, na ikanibidi nicheke.

Kazi yake ilikuwa na sheria, na alizishika kuliko zile za kanisani. Ya kwanza, usiende mara moja. Siku ya kwanza ni ya kupiga hodi tu. Siku ya pili ni ya kutoa kasoro. Siku ya tatu ndiyo ya kusema. Sheria ya pili, usionyeshe kamwe kwamba unahitaji. Na ya tatu, ambayo aliitaja akiwa ameinua kidole, usimalize mahari. Daima uache mbuzi mmoja. Anayemaliza mahari, alisema, amewaaga wakwe zake, na siku mke akiugua au akinuna hatakuwa na mlango wa kubisha.

Sasa nije kwenye gari.

Mtoto wangu wa kwanza alifia njiani. Nilikuwa kwenye machela, wanaume wanne wamenibeba kunishusha hospitali ya Same, mvua inanyesha, na kabla hatujaifikia barabara ya Makanya kila kitu kilikuwa kimekwisha. Sikuwa wa kwanza. Karibu kila nyumba ya kwetu ilikuwa na mtu wake aliyefia kwenye machela. Mwaka uliofuata chama chetu cha kahawa kikakubali kuweka kando sehemu ya mauzo, tukachimba barabara kwa msaragambo kutoka tambarare mpaka nusu ya mlima, na kijiji kikaamua kununua gari kuukuu la kubebea wagonjwa. Nikawekwa kwenye kamati kwa sababu nilikuwa mwalimu. Dereva wetu, mtu wa Kigoma aliyekuwa akiendesha trekta kwenye mashamba ya katani kabla ya kuoa kwetu, akawekwa kwa sababu ndiye pekee aliyejua kinachokaa chini ya boneti. Na Mshenga akawekwa kwa sababu hakuna aliyewaza kwamba kitu chochote kinaweza kununuliwa bila yeye. Wakati huo nilikuwa na mimba ya pili.

Tulikwenda Moshi, kwenye duka la magari la Mhindi mmoja mtu mzima. Mshenga hakuyatazama magari hata kidogo. Alikaa, akauliza habari za mvua, habari za nyumbani, habari za shingo ya mwenye duka, maana aliona anaigeuza kwa shida. Kisha akaweka kibuyu cha dengelua, pombe yetu ya miwa, juu ya meza, katikati ya karatasi, akasafisha koo.

"Tumesikia katika boma hili kuna binti," akasema.

Mwenye duka akashtuka. "Mzee, mimi nina watoto wa kiume tu."

Ikabidi dereva aeleze kwamba tunatafuta pikapu. Mwenye duka akasikitika, pikapu kuukuu iliyokuwepo ilichukuliwa juzi, na hizo mpya hata tukiuza kahawa ya miaka mingi hatuzifikii. Nilichukua mkoba wangu tuondoke. Lakini Mshenga alikuwa ameinuka, amesimama mbele ya kitu kirefu kilichofunikwa shuka kwenye pembe ya duka.

"Na huyu aliyejifunika?"

"Huyo ana mwenyewe," akasema mwenye duka, lakini hakutuangalia.

Mshenga akainua pindo la shuka kwa ncha ya fimbo. Lilikuwa gari jeusi jipya, limetoka Ujerumani, viti vya ngozi nyekundu, saa kama ya ukutani imewekwa mbele ya dereva, na kila mahali panapong'aa pananionyesha mimi na tumbo langu. Mkubwa mmoja alikuwa ameliagiza. Gari likiwa bado baharini, Azimio likatangazwa, na viongozi wakaambiwa waachane na anasa. Tangu hapo mkubwa yule alipopita mbele ya duka alitazama upande wa pili wa barabara. Hakuna mwingine aliyethubutu hata kuuliza bei, na mwenye duka alikuwa ameanza kuliogopa gari lake mwenyewe.

"Kwa hiyo ameachwa," akasema Mshenga polepole. "Ameachwa na mchumba, na nguo za harusi zimeshashonwa."

Akatuita pembeni tushauriane kwa Kichasu, lugha yetu Wapare. Nikamwambia ana wazimu, wanawake wanakufa na yeye anatamani gari la waziri. Akanijibu kwa sauti ya juu, kwa Kichasu kile kile, akaeleza yote: machela, mvua, mtoto wangu, kiasi kilichomo katika mfuko wa kijiji, na kwamba tumbo nililo nalo lina miezi sita. Nilimfinya anyamaze. Halafu akarudi mezani, akamwambia mwenye duka kwa Kiswahili kitamu kwamba sisi tulikuwa tunapita tu, kwa heri, dengelua tunamwachia mlinzi.

Safari ya pili ilikuwa ya kasoro. Nasikitika kwamba hakuna aliyeyaandika aliyosema. Alilizunguka gari mikono nyuma. Lina macho makubwa, alisema, usiku litaogopa. Miguu mifupi, mlima utalikwaruza tumbo. Jeusi mno, vumbi la Same litaliaibisha. Alimwomba dereva alitembeze hatua chache uani, akalitazama kwa nyuma, akatikisa kichwa kwa huzuni. Akauliza linakula nini. Petroli, akaambiwa. "Kila siku?" Akauliza kama linaweza kuzaa. Mwenye duka akasema gari haliwezi kuzaa. "Basi na wewe umelisema," akajibu Mshenga, akachukua kofia yake.

Wiki tatu zikapita. Tumbo langu linakua, na Mshenga yuko shambani anapalilia maharage. Nilikwenda nikasimama mbele yake.

"Wewe mzee, mimba haina neno la mwisho. Mtoto huyu anakuja, uwe umemaliza maneno yako au hujamaliza!"

"Anayekimbia sokoni hulipia na mbio zake," akasema bila kuinua uso.

"Wa kwanza alifia kwenye machela!"

Hapo akasimama. Akakung'uta udongo kwenye jembe, akaliweka begani. Akasema, "Kesho."

Safari ya tatu, basi, nilikwenda nimechoka na sheria zake zote. Mshenga alipoanza kuulizia mvua, nikamkatiza. Nikamwambia mwenye duka waziwazi: tunataka gari hili, tunalihitaji, wanawake wa kwetu wanafia njiani, mimi mwenyewe nimezika. Mshenga alifunika uso kwa kofia. Dereva alitoka nje. Mimi nilikuwa nalia na sikuona haya.

Mwenye duka alivua miwani. Kisha akanijibu kwa Kichasu, kizuri kuliko cha dereva wetu ambaye alikuwa ameoa kwetu.

"Pole sana, mama. Haya yote niliyajua tangu siku ya kwanza. Mimi nimezaliwa Same, karibu na stesheni. Baba yangu aliuza vitambaa pale, na mimi nilicheza na Wapare mpaka nilipoota ndevu."

"Ulijua?" nikasema. "Na ulinyamaza?"

"Ningesema nini? Nilikuwa nangoja huyu mzee aombe. Badala yake ameniambia gari langu lina miguu mifupi."

Nikamgeukia Mshenga. Alikuwa ameondoa kofia usoni, anatazama dari kana kwamba ana haraka ya kuhesabu mbao zake.

"Ulipoona jina la baba yake limeandikwa pale juu ya mlango," nikamwambia, "ulimjua?"

"Kitambaa cha harusi yangu nilinunua kwa baba yake," akasema Mshenga. "Huyu alikuwa anatambaa chini ya meza. Unadhani kwa nini siku ile nilisema kwa sauti? Mshenga haonyeshi kwamba anahitaji. Lakini hakuna sheria inayomkataza mtu kusikia."

Mpaka leo sijui kama nimpende au nimpige. Wale wanaume wawili wakacheka mpaka mwenye duka akashika shingo yake kwa maumivu. Kisha akataja bei, na bei ile mfuko wetu uliifikia, tukabaki na ya petroli. Nilidhani mambo yamekwisha. Nilikuwa sijakumbuka sheria ya tatu.

"Tutalipa," akasema Mshenga, "isipokuwa thamani ya mbuzi mmoja."

Mwenye duka akasema biashara ni kumaliza. Mshenga akasema nikimaliza umenifukuza. Mwenye duka akasema ana vitabu vya hesabu, aandike nini? "Andika mbuzi," akasema Mshenga. Walivutana juu ya mbuzi yule kuliko walivyovutana juu ya gari zima. Mimi nilikaa kwenye kiti cha ngozi nyekundu mlango ukiwa wazi, nimevua viatu, miguu imevimba, nikawasikiliza mpaka nikasinzia. Nilipoamka gari lilikuwa linatembea, tumekwishapita Himo, na mbuzi alikuwa hajalipwa.

Mwanangu alizaliwa Same, hospitalini, kitandani, na alilia vizuri sana. Nililazwa kwenye kiti cha nyuma njia nzima, na tulipoingia mjini askari aliyesimama barabarani aliliona gari, akajinyoosha, akapiga saluti. Mimi nilikuwa napiga kelele za uchungu. Dereva akainua mkono akampokea saluti, ili tusipoteze muda.

Wakubwa wa chama walikuja kuuliza, bila shaka. Kijiji cha wakulima kina gari la anasa? Mkutano ukaitishwa, karani akaandika. Mshenga akasimama. "Azimio limesema kiongozi asiwe na gari kama hili," akasema. "Nimelisikiliza redioni mwanzo mpaka mwisho. Hapa kijijini hakuna kiongozi aliyelipanda. Hulipandi mpaka uwe unaumwa." Mmoja wa wageni akauliza kama anaweza kurudishwa Same nalo, kwa sababu tumbo linamsumbua. Alipelekwa.

Gari lilipoharibika, Mshenga alishuka Moshi mwenyewe akabisha hodi kwa mkwe wake. "Binti yenu anakohoa," alikuwa akisema. Na mwenye duka alitoa fundi, alitoa na vipuri, akagomba, akauliza mbuzi wake yuko wapi. "Anakua," alijibu Mshenga kila mara. Kwa ajili ya mbuzi yule gari liliishi miaka ambayo hakuna gari jingine la mlima ule lililoifikia. Ngozi nyekundu ilichanika ikashonwa kwa kamba ya katani. Weusi ukaisha, likawa rangi ya barabara. Baadaye petroli ilipoadimika, kijiji kikapanga kwamba kila mgonjwa achangie kidogo kabla ya kuondoka, na dereva ndiye aliyetaja kiasi kwa kumtazama mtu alivyo.

Mara ya mwisho nilimwona Mshenga pale barabara inapoishia. Nilikuwa nimepanda kutoka tambarare, tulikohamia, kuwasalimia wazee wa mume wangu, nikakuta machela inashuka, nikaona fimbo yake imelazwa ubavuni mwake. Alikuwa amekonda, kifua kinapanda na kushuka kwa shida. Nilitembea kando yake nimeshika blanketi lisidondoke. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa midomo tu. Wakamwingiza kwenye kiti cha nyuma, nikaingia naye, nikakiweka kichwa chake mapajani mwangu.

Dereva alikuwa na mvi sasa. Mshenga ndiye aliyemwozesha, na hakuna mtu aliyempenda mzee yule kuliko yeye. Aligeuka nyuma, nikaona anatafuta la kumfurahisha. Akakunja uso kama mfanyabiashara.

"Mzee," akasema, "leo safari ya Same ni shilingi mia mbili."

Wabebaji wa machela wakaangua kicheko, maana mchango ulikuwa shilingi chache tu. Wakasogea madirishani ili wasikose neno. Mimi pia nilikuwa natabasamu, nangoja. Tulijua ataanzia wapi, atauliza kama anapelekwa Same au Ulaya.

Mshenga akasema, "Sawa."

Hakuna aliyecheka. Dereva akageuka zaidi kitini.

"Mia, basi," akasema. "Mia moja, Mzee."

"Sawa."

"Hamsini. Mzee, nimesema hamsini, na barabara ni mbovu. Thelathini." Sauti yake ilianza kukatika. "Kumi. Mzee wangu, sema ni ghali. Sema gari lina miguu mifupi. Tano! Nakupeleka bure, lakini nipunguzie kitu!"

Mshenga alifungua macho, akatutazama sote, wa ndani na wa madirishani, mmoja mmoja, kwa upole. Niliushika mkono wake na ulikuwa umelowa jasho baridi, na nikajua kwamba anaogopa.

"Endesha, mwanangu," akasema. "Tunachelewa."